Umeme ndani ya kodi, mita ndogo au Yaka yako: linganisha maneno kabla ya bei

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Alipokuwa anatafuta chumba Kampala, alinijia jioni moja na picha tatu kwenye simu, picha za karatasi za masharti alizopewa na wenye nyumba: moja ya Katwe, moja ya Makindye, moja ya Kireka. Kodi zilikaribiana. Kilichomkwamisha ni umeme. "Dada, wote watatu wanasema umeme upo," akaniambia, "lakini sielewi nitakuwa nanunua nini, na kwa nani."

Mimi nina duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi pale Nsambya, na karatasi za kupangisha ni sehemu kubwa ya kazi yangu. Mwenye nyumba huniletea masharti kwenye kipande cha daftari, nachapa, anaondoka. Wengine hutaka Kiswahili kwa sababu uani kwao wanaishi Wakongo, Wakenya, Wasudani Kusini na watu wa Arua, na Kiluganda hakiwafikii wote. Miezi michache baadaye mpangaji huingia na karatasi ileile, imekunjwa mara nne, ananiuliza: hili neno ulilochapa lina maana gani? Maswali hayo ndiyo yaliyonifundisha kusoma masharti ya umeme polepole, na ndiyo maana nimeziweka karatasi hizi tatu pamoja. Ukiwa unatafuta chumba sasa, huenda chako kinafanana na kimojawapo.

Jambo moja kwanza. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inadai mkataba wa maandishi kuanzia kodi ya shilingi 500,000. Vyumba vyetu vya kawaida, hizi nyumba za kupanga za chumba kimoja au viwili tunazoziita mizigo, viko chini ya hapo. Kwa hiyo ile karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango mara nyingi ndiyo ushahidi pekee ulio nao. Neno lake likiyumba, huna pengine pa kushika.

Karatasi tatu zilivyosema

Katwe: "Kodi 250,000 pamoja na umeme. Vifaa vizito haviruhusiwi. Umeme ukikatika mwenye nyumba hahusiki." Mzee mwenye nyumba alimwambia kwa mdomo kwamba bila umeme chumba ni 220,000, kwa hiyo umeme wenyewe ni 30,000 kwa mwezi.

Makindye: "Kodi 230,000. Kila chumba kina mita yake ndogo, yuniti moja 1,000. Umeme na maji ya nje watalipa wapangaji wote kwa usawa. Hakuna moto ndani ya chumba." Hapa kuna Yaka moja kubwa, yaani mita ya umeme unaolipiwa kabla kwa tokeni, ya Hajati mwenye nyumba, na ndani yake mita ndogo nane, zile ambazo wengine huziita sabumita.

Kireka: "Kodi 240,000. Mpangaji atalipa Umeme mwenyewe. Matumizi ya nyumbani tu." Chumba kina Yaka yake ukutani.

Bei, kwa haraka

Watu wengi huanza na kuishia hapa, nami sitaidharau bei, ila nitaimaliza mapema kwa sababu haikuamua kitu kwa mdogo wangu.

Bei ya umeme wa nyumbani hutangazwa na ERA, mamlaka inayosimamia umeme, kila robo ya mwaka. Mpangilio uliokuwapo tangu 2022 ni wa ngazi: yuniti 15 za kwanza za mwezi kwa shilingi 250 kila moja, kisha bei ya kawaida ya zaidi ya 700 hadi yuniti ya 80, kisha kuanzia ya 81 hadi ya 150 bei inashuka mpaka 412 ili watu wapikie umeme, kisha inarudi ya kawaida. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18 na ada ya huduma ya kila mwezi, 3,360 kabla ya VAT. Nikiweka bei ya kawaida kuwa 750 ili hesabu iwe rahisi, mambo yanakuwa hivi kwa mwezi:

| Matumizi ya mwezi | Katwe (ndani ya kodi) | Makindye (mita ndogo) | Kireka (Yaka yako) |
|---|---|---|---|
| Yuniti 20: taa, simu, televisheni | 30,000 | 20,000 | karibu 12,800 |
| Yuniti 40: hayo pamoja na cherehani na pasi | 30,000 | 40,000 | karibu 30,500 |
| Yuniti 100: hayo yote na kupika | 30,000, wakikukubalia | 100,000 | karibu 75,600 |

Angalia mstari wa yuniti 40. Mdogo wangu, kwa cherehani yake ya mota ndogo na pasi ya saa moja kwa siku, anaangukia kwenye yuniti 40 hivi. Umeme wa Katwe na wa Kireka unalingana karibu shilingi kwa shilingi. Mtu wa taa na simu tu, Yaka yake mwenyewe inamfaa sana, kwa sababu zile yuniti 15 za bei nafuu hutolewa kwa kila mita, si kwa kila familia. Kwenye uwanja wa Makindye, vyumba vinane vina Yaka moja, kwa hiyo vyumba vinane vinagawana yuniti 15 hizo. Hili wapangaji wengi hawalijui, na wenye nyumba wengi pia, na linauma, kwa maana punguzo liliwekwa kwa ajili ya wenye matumizi madogo kama hao hao.

Basi kwa mdogo wangu bei ya umeme peke yake haikutoa jibu. Tukarudi kwenye maneno.

"Vifaa vizito" ni vipi?

Hili ndilo neno ninaloletewa mara nyingi kuliko yote, na ndilo baya kuliko yote. Kila mtu akilisoma anatikisa kichwa kama ameelewa. Kisha kila mtu anaelewa lake.

Uzito wa kifaa cha umeme una maana mbili zisizotembea pamoja. Kuna kiasi kinachovutwa kwa mara moja, nacho hupimwa kwa wati. Kuna kiasi kinachomezwa mpaka mwezi uishe, nacho hupimwa kwa yuniti. Yuniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa nzima. Pasi huvuta wati 1,000 hivi, lakini ukipiga shati kwa robo saa umetumia robo ya yuniti tu, na mara nyingi pungufu, kwa sababu pasi hujizima na kujiwasha yenyewe. Friji ndogo huvuta wati mia moja au chini ya hapo, ni nyepesi mno ukiipima kwa njia ya kwanza, lakini haizimwi mchana wala usiku, na mwisho wa mwezi imemeza kuliko pasi. Sasa, ipi ni nzito?

Jibu linategemea mwenye nyumba anaogopa nini. Kama waya zake ni nyembamba na swichi kuu hujishusha kila mara, anaogopa wati, na pasi ndiyo adui. Kama yeye ndiye anayenunua tokeni, kama pale Katwe, anaogopa yuniti, na friji ndiyo adui. Mara nyingi anaogopa vyote viwili bila kuvitenganisha, ndipo anaandika "vizito" na kuniletea nichape. Kwa hiyo swali la kumwuliza, kwa heshima na mapema, ni hili: "Mzee, unachohofia ni waya au ni bili?" Mdogo wangu alimwuliza hivyo hivyo. Mzee alifikiri kidogo akasema ni bili. Alipoulizwa kuhusu pasi, akasema pasi ni nzito, haikubaliki. Alipoulizwa kuhusu friji, akasema friji haina neno, hata yeye anayo.

Simlaumu. Pasi ukiishika inachoma, na friji imesimama kimya kwenye kona. Mkono hauwezi kupima yuniti.

Nimeona njia tatu za kuandika sharti hili, na ninaziweka hapa kwa sababu unaweza kumwomba mwenye nyumba abadilishe. Ya kwanza ni hii ya sifa: vizito, vikubwa, vinavyokula umeme. Ikatae. Ya pili ni orodha: "Pasi, heta ya maji, jiko la koili na birika haviruhusiwi." Inaeleweka hata na mtoto wa darasa la tatu, na hakuna ubishi kuhusu kilichotajwa. Udhaifu wake ni kisichotajwa. Siku hizi zipo sufuria za presha za umeme, ambazo sahani yake huvuta wati 1,000 lakini huivisha maharage kwa chini ya yuniti moja, kwa sababu joto halitoki. Orodha ya zamani haiitaji. Je, ni jiko? Ni birika? Mpangaji atasema imeruhusiwa, mwenye nyumba atasema haijaruhusiwa, na wote wawili watakuwa na haki ya kusema hivyo.

Njia ya tatu ni kipimo: "Kifaa chochote cha zaidi ya wati 1,200 kisitumike." Namba hiyo imeandikwa kwenye kibandiko nyuma au chini ya kifaa, mnaigeuza, mnasoma, mmemaliza. Kama hofu ni bili, kipimo ni cha yuniti: "Chumba kikizidi yuniti 45 kwa mwezi, mpangaji atalipa ziada." Lakini hicho kinadai mita ndogo, maana bila mita mtahesabu kwa macho. Mimi nikiachiwa nichague, huandika wati pamoja na mfano mmoja au miwili kwa jina. Namba inamaliza ubishi, mfano unamsaidia asiyezoea namba.

"Kukatika" na "kukatwa"

Sharti la pili la Katwe ndilo lililonifanya nimwambie mdogo wangu asitie saini siku ile.

Kiswahili kina namna ya kusema jambo limetokea bila kumtaja aliyelifanya. Kamba imekatika, kikombe kimevunjika, mlango umefunguka. Hakuna mtu ndani ya sentensi. Ukisema imekatwa, kimevunjwa, umefunguliwa, basi yupo mtu, hata kama hujamtaja jina. "Umeme ukikatika mwenye nyumba hahusiki" inasikika kama haki tupu: nani atamlaumu mzee wa watu kwa transfoma iliyolipuka? Lakini kwenye nyumba ambayo umeme umo ndani ya kodi, giza lina njia tatu za kuingia. Laini ya nje imepata hitilafu au kuna mgao. Au tokeni zimekwisha na mwenye nyumba hajanunua nyingine. Au ameshusha swichi yeye mwenyewe kwa sababu amekasirika na mpangaji fulani. Sharti hili linamwondolea lawama kwa zote tatu, ilhali mbili za mwisho ziko mikononi mwake, na umeshamlipa 30,000 zake.

Nilishachapa sentensi hii hii kwa mteja mmoja. Baadaye mama mmoja mpangaji wake, mwenye mtoto mchanga, alikuja dukani baada ya kukaa gizani usiku nne tokeni zikiwa zimekwisha. Mwenye nyumba alimwonyesha karatasi: umekatika, sihusiki. Nilisoma maneno niliyoyachapa kwa mkono wangu, na nilijisikia vibaya siku nzima. Tangu hapo, mtu akiniletea sentensi hiyo, namwomba ruhusa niigawe. Wengi hukubali, kwa sababu hawakuwa na nia mbaya. Neno ndilo lililowaruhusu.

Ikigawanywa inakuwa hivi: "Umeme wa laini ya nje ukikatika, mwenye nyumba hahusiki. Tokeni zikiisha, mwenye nyumba atanunua nyingine kabla ya siku moja kupita tangu alipoambiwa. Mwenye nyumba hatazima umeme wa chumba bila kumpa mpangaji notisi ya maandishi." Nimeandika siku moja makusudi. Wakati mmoja niliandika "ndani ya saa 12" na ikazaa kesi nyingine: mwenye nyumba alielewa muda wa saa kumi na mbili, mpangaji akaelewa saa kumi na mbili jioni ya siku ileile. Muda na majira yakigongana kwenye neno "saa", chagua neno jingine.

Mzee wa Katwe alikubali sentensi ya kwanza na ya pili. Ya tatu aliikataa, akasema nyumba ni yake. Angalau tulijua.

Makindye: usawa, nje na moto

Karatasi ya Hajati ina maneno matatu ya kuangalia, na mawili ni mepesi kurekebisha.

"Kwa usawa" ni la kwanza. Usawa unaweza kuwa kila mtu kiasi kilekile, na unaweza kuwa kila mtu kadiri inavyomstahili. Chumba cha mtu mmoja anayerudi saa nne usiku na chumba cha familia ya watu sita, wakilipa taa za uwanja sawasawa, kuna atakayeona ni haki na kuna atakayeona ameonewa. Ondoa usawa, andika hesabu: "zitagawanywa kwa nane, kila chumba fungu moja." Basi.

La pili ni "umeme na maji ya nje". Je, "ya nje" inashika maji peke yake, au inashika na umeme? Ukifuata sarufi ya vitabuni, umeme ungekuwa "wa nje", kwa hiyo "ya" ni ya maji tu, na umeme unaobaki ni umeme wote, pamoja na ule ambao umeshaulipia kwa mita ndogo. Lakini hapa Kampala nani anaandika kwa sarufi ya vitabuni? Tunasema "umeme ya nje", "kodi ya yeye", na tunaelewana barabarani. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili kwenye katiba yetu tangu 2005, lakini Kiswahili cha karatasi za nyumba bado kila mtu anakileta kutoka kwao. Hajati alipoulizwa alicheka, akasema alimaanisha taa mbili za ulinzi na bomba la uani. Tukaandika: "taa mbili za ulinzi na bomba la uani."

La tatu ni moto, na hapa naomba usome kwa makini, kwa sababu si suala la pesa. "Hakuna moto ndani ya chumba." Mpangaji wa kwanza anaelewa sigiri ya makaa. Wa pili anaelewa jiko la gesi pia, maana lina mwali. Wa tatu, aliyezoea kuita umeme moto, anaelewa jiko la umeme. Na mwingine anaelewa moto wa kuunguza nyumba, yaani hatari, na kwa kuwa sigiri yake ikishashika haina mwali wala moshi, anaona ameshalitii sharti: anaiwasha nje, makaa yakiwa mekundu anaiingiza ndani na kufunga mlango kwa sababu ya baridi ya mvua. Huyo ndiye ninayemhofia. Makaa yanayowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu usingizi asiamke. Sharti lililokusudiwa kumlinda limempitia kando kwa sababu ya neno moja.

Sharti zuri hutaja chombo: "Sigiri na jiko la mafuta ya taa visiingizwe chumbani zikiwa na moto au makaa mekundu, hata mlango ukiwa wazi. Gesi iruhusiwe, mtungi wa kilo 6, dirisha likiwa wazi. Jiko la umeme liruhusiwe hadi wati 1,200." Refu, ndiyo. Lakini mtu anajua apike wapi na kwa nini. Na siku hizi ni lazima lisemwe, maana makaa yamepanda bei, hasa tangu amri ya rais ya 2023 iliyozuia biashara ya makaa kutoka kaskazini, na serikali yenyewe inawataka watu wahamie kwenye umeme. Bwawa la Karuma la megawati 600 limezinduliwa 2024. Ile ngazi ya 412 ipo kwa ajili hiyo. Mpangaji anasikia redioni apikie umeme, anarudi nyumbani anakuta "hakuna moto" mlangoni.

Upande wa mita ndogo zenyewe, kuna mambo ya kuandikisha ambayo karatasi ya Hajati haikuyagusa kabisa. Nani ananunua tokeni za Yaka kubwa, na zikiisha usiku kwa sababu chumba namba tano hakijalipa, je, wote mnakaa gizani? Na hiyo 1,000 imefungwa au itapanda? "Bei inaweza kubadilika" haitoshi, kwa sababu haisemi nani anaibadilisha. Andika: "bei itabadilika ERA ikitangaza mpya, si vinginevyo." Mwenye nyumba akisema anahitaji faida kidogo ya kuhudumia waya, hilo ni jambo la kuzungumza, lakini lizungumzwe kwa namba.

Kireka: neno lililobadilika maana lenyewe

"Mpangaji atalipa Umeme mwenyewe." Herufi kubwa hiyo si kosa la mchapaji. Kwa miaka 20, kuanzia 2005, aliyesambaza umeme kwetu aliitwa Umeme, Kampuni ya Umeme Limited, na mkataba wake uliisha 31 Machi 2025. Tangu 1 Aprili 2025 usambazaji uko kwa UEDCL, kampuni ya serikali. Kwa watu tunaozungumza Kiswahili, jina la kampuni na jina la kitu lilikuwa moja, na karatasi nyingi zimebaki na maneno kama "atalipa Umeme", "atafuata masharti ya Umeme", "madeni ya Umeme". Ukisaini leo, unakubali kumlipa nani? Kwa kawaida hakuna anayekusudia hila, lakini "madeni ya Umeme" ningeyauliza. Ni bili za kampuni ya zamani zilizobaki kwenye akaunti, au ni umeme utakaoutumia wewe?

Swali hilo lina njia rahisi ya kujibiwa. Deni la zamani linaweza kufungwa kwenye mita ya Yaka na kukatwa kidogo kidogo kila unaponunua. Kabla ya kulipa kodi, mwombe mwenye nyumba namba ya mita, nunua tokeni ndogo, usome risiti yote: umelipa ngapi, ada ngapi, deni ngapi, yuniti ngapi. Kisha ziingize zile tarakimu 20 ukiwa umesimama mbele ya mita. Kama chumba kilikaa kitupu muda mrefu hili ni la lazima, kwa sababu mita za tokeni zilitakiwa kusasishwa kabla ya 24 Novemba 2024, na ambayo haikusasishwa haipokei tokeni mpya mpaka iingizwe kwanza tarakimu za kuifungua. Tulifanya hivyo Kireka. Mita ilipokea, risiti haikuwa na deni.

"Matumizi ya nyumbani tu" ndilo lililobaki. Linaweza kuhusu aina ya mita, kwa kuwa ERA hutenganisha bei ya nyumbani na ya biashara. Linaweza pia kuhusu wateja, mwenye nyumba hataki watu kuingia na kutoka getini. Kwa mdogo wangu, mwenye cherehani moja na nguo za watu kitandani, tofauti ni kubwa. Aliuliza. Mwenye nyumba alijibu kwamba cherehani haina shida ila wateja wasije, kisha siku iliyofuata mke wake akapiga simu kusema cherehani ni biashara. Nyumba moja, tafsiri mbili, na karatasi haijasahihishwa.

Uchague ipi

Kama matumizi yako ni madogo, au unapika kwa umeme, na unatarajia kukaa mwaka au zaidi, chukua chumba chenye Yaka yake. Neno lake ni fupi kwa sababu mita inasema yaliyobaki, na punguzo la yuniti 15 ni lako peke yako. Hakikisha tu deni na neno "nyumbani".

Umeme ndani ya kodi unamfaa anayepita miezi michache, anayetaka kujua mapema atalipa ngapi, na asiye na kifaa cha kubishaniwa. Usiingie huko kama sharti lina "vizito" na mwenye nyumba hataki kulibadilisha, hata bei ikiwa tamu, kwa sababu bei hiyo inadumu mpaka siku atakapoona waya wa pasi yako.

Mita ndogo ndiyo ghali kwenye hesabu ya umeme ukifika yuniti 40, na ndiyo ninayoipendekeza kwa tahadhari kuliko zote. Inategemea mwenye nyumba kuliko karatasi. Ikiwa anakuonyesha risiti za Yaka kubwa na anakubali kuandika bei inafuata nini, inaweza kukaliwa. Akikataa kukuonyesha risiti, nenda kwingine.

Mdogo wangu alichukua Makindye. Umeme wake ni ghali kwa karibu 10,000 kila mwezi kuliko wa Kireka, ingawa kodi ni pungufu kwa kiasi hicho; tulihesabu pamoja na alijua. Lakini kutoka pale anafika soko la Owino kununua vitambaa kwa boda moja, na Hajati ndiye aliyekuwa radhi kuketi dukani kwangu, karatasi mezani, tukapitia neno kwa neno. Tulipofika kwenye moto alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, andika sigiri. Andika kwa herufi kubwa." Nikaandika. Akaongeza mwenyewe kwa kalamu, chini kabisa, kwamba cherehani na pasi vinaruhusiwa mpaka saa nne usiku, akatia tarehe na saini, na mdogo wangu akatia yake pembeni.